Gurudumu la River Antoine: Ukongwe wa Kiwanda cha Ramu na Kazi Isiyosimuliwa

Barabara ya kaskazini-mashariki mwa Grenada hupita katikati ya mikungumanga na mikakao kabla ya kushuka kwenye mashamba ya miwa ya parokia ya St Patrick, karibu na ziwa Antoine lililokaa ndani ya kreta ya volkano. Kiwandani, harufu humlaki mgeni kabla ya mwenyeji yeyote: shira iliyoungua kidogo, moshi wa makapi ya miwa, na nyuma yake uchachu mkali unaopanda puani. Kisha husikika maji. Yanaletwa kwa mfereji kutoka mtoni hadi kwenye gurudumu kubwa la chuma lililoshika kutu, nalo huzunguka polepole na kuviendesha vinu vya kukamulia miwa.

Mgeni huambiwa kwamba kiwanda hiki kinakeneka ramu tangu mwaka 1785 na kwamba mambo mengi bado hufanywa kama zamani. Maelezo hayo yana ukweli, na ndiyo yanayowaleta watu. River Antoine hutajwa kuwa kiwanda kikongwe kuliko vyote vya ramu katika Karibi ambavyo bado vinaendeshwa kwa nguvu ya maji. Tatizo ni namna neno “zamani” linavyotumika hapo, kana kwamba gurudumu limeendelea kuzunguka kwa sababu kuna watu walioapa kuyalinda mapokeo. Makala haya yanadai kwamba ukongwe wa River Antoine ni zao la kuporomoka kwa uchumi wa sukari kuliko zao la uhifadhi, na kwamba mgeni anayetazama chuma peke yake huondoka bila kuisoma nusu kubwa ya kinachoonekana mbele yake. Nusu hiyo ni mikono.

Hatua za kazi zenyewe zafaa kutazamwa kwa karibu. Miwa hulishwa kinuni, juisi hutiririka upande mmoja na makapi hutokea upande wa pili. Makapi hayo hupakiwa kwenye kitoroli kidogo kinachosukumwa juu ya reli hadi nje, yakaanikwe yakauke, kwa kuwa ndiyo kuni za kuchemshia juisi ya kesho. Katika nyumba ya kuchemshia, makarai makubwa yamepangwa mstari juu ya tanuri. Mtu husimama na kata yenye mpini mrefu akiihamisha juisi kutoka karai moja hadi jingine kadiri inavyozidi kuwa nzito na tamu. Mvuke humfunika hadi kifuani. Hana kipimajoto mkononi. Hutazama povu na rangi, naye hujua.

Kutoka hapo juisi huenda kwenye matangi ya saruji yaliyo wazi. Hakuna hamira inayonunuliwa dukani; vijidudu vilivyo hewani, kwenye kuta na kwenye miwa yenyewe huianza kazi, na baada ya siku kadhaa uso wa tangi huchemka wenyewe bila moto. Msomaji wa Usambara angeonja kioevu hicho na kukitambua mara moja kuwa ni jamaa wa boha, pombe ya miwa. Ndipo hutiwa kwenye mitungi ya kukenekea inayowashiwa moto wa kuni chini yake. Mvuke hupanda, hupita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi na kushuka ukiwa matone. Pombe ikitoka dhaifu kuliko inavyotakiwa, hurudishwa ikakenekwe upya.

Inayotakiwa ni kali kwelikweli. Ramu ambayo wenyeji huinunua ina asilimia 75 ya kileo. Kwa kuwa sheria za usafiri wa anga haziruhusu abiria kubeba pombe inayozidi asilimia 70, kiwanda hutengeneza nyingine ya asilimia 69 kwa ajili ya wageni. Huo ndio utani ambao watalii huupenda kuliko yote. Pengine ndiyo sehemu pekee ya ziara inayokiri waziwazi kwamba kuna ramu mbili: ya wanaobaki na ya wanaoondoka.

Kwa nini basi gurudumu lingalipo? Jibu limo katika tarehe. Uingereza iliipata Grenada kutoka kwa Ufaransa mwaka 1763, ikaipoteza mwaka 1779 na kurudishiwa kwa mkataba wa mwaka 1783. Mwaka 1785, kwa hiyo, ulikuwa wakati wa wenye mtaji kurudi na kujenga, na kinu cha maji hakikuwa jambo la kijadi hata kidogo. Kilikuwa mtambo ghali wa watu waliotaka faida ya haraka, chaguo la aliyekuwa na mto na fedha badala ya ng’ombe wa kuzungusha kinu au upepo wa kukisukuma. Miaka 10 baadaye, Machi 1795, Julien Fédon, mwenye shamba aliyekuwa na asili ya Kiafrika na Kifaransa, aliongoza uasi uliowavuta watumwa kwa maelfu na kuyateketeza mashamba mengi ya kisiwa hicho kabla ya kuzimwa mwaka 1796.

Utumwa ulifutwa kisheria katika makoloni ya Uingereza kuanzia tarehe 1 Agosti 1834, na kipindi cha “uanagenzi” kilichowafunga waliokombolewa kwa mabwana walewale kikamalizika mwaka 1838. Kisha pigo likaja kutoka London: mwaka 1846 Bunge lilianza kuondoa upendeleo wa ushuru uliokuwa umeikinga sukari ya makoloni yake. Sukari ya Kuba na Brazili, iliyokuwa bado ikizalishwa na watumwa, ikashindana nayo sokoni. Baadaye ikaongezeka ya viazisukari vya Ulaya. Kwenye visiwa na nchi zilizokuwa na mtaji, mashine za mvuke zilichukua nafasi ya maji na upepo, na viwanda vidogo vikamezwa na vikubwa. Grenada haikufuata njia hiyo. Ardhi ilihamia kwenye kakao na kungumanga, zao lililoingia kisiwani katika miaka ya 1840 na ambalo leo limechorwa hadi kwenye bendera ya taifa. Aliyebaki na miwa hakuwa na sababu ya kununua mtambo mpya, wala pengine fedha za kuununulia. Gurudumu lilisalia kwa sababu ile ile inayomfanya fundi wa kijijini aendelee na cherehani ya bibi yake: bado inashona, na nyingine ni ghali.

Hiyo si dharau. Kudumisha mtambo kwa vizazi vingi kunahitaji ujuzi mkubwa, hasa pale ambapo haiwezekani kuagiza spea. Lakini ujuzi huo ni historia ya wafanyakazi, na hapo ndipo simulizi la kawaida la viwanda vya ramu hukatika.

Chukua hatua ya kwanza kabisa, kulisha kinu. Katika mashamba ya Karibi ya karne ya 18, kazi hii iliwahi kuwakata watu viungo. Wakati wa mavuno kinu kilifanya kazi usiku na mchana, kwa kuwa miwa iliyokatwa haisubiri. Mtumwa aliyechoka, mara nyingi mwanamke, akisogea inchi moja zaidi, roli lilimshika vidole na kuuvuta mkono mzima. Karibu na vinu vingi liliwekwa panga kwa ajili hiyo: kuukata mkono kabla roli halijafika mwilini. Voltaire aliijua habari hiyo kiasi cha kumweka mtumwa wa Suriname aliyekatwa mkono na mguu katika hadithi yake *Candide* ya mwaka 1759, na kumfanya aeleze bei halisi ya sukari inayoliwa Ulaya. Msomaji wa Paris alikuwa na taarifa ambayo mtalii wa leo, akiwa hatua mbili kutoka kinuni, anaweza kuikosa.

River Antoine haiko peke yake katika kuuza ukongwe. Mount Gay ya Barbados hujivunia hati ya mwaka 1703. Tarehe kongwe ni biashara nzuri. Huongeza bei ya chupa. Kila tarehe ya namna hiyo iliyoandikwa kabla ya 1834 katika kisiwa cha Mwingereza ni tarehe ya utumwa pia, lakini maneno hayo mawili hayapangwi pamoja kwenye lebo.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatakiwi kulitazama hili kama jambo la ng’ambo. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1000 kila mwaka kwa ajili ya Île de France, ndiyo Morisi ya leo, kisiwa ambacho baadaye kilikuja kutawaliwa na miwa. Katika karne ya 19, kingo za mto Pangani zenyewe zilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Kinu, kwa kifupi, kimewahi kuwa chetu.

Hata mtambo wa kukenekea tunao. Mpangilio wa River Antoine wa chombo, moto wa kuni, bomba na maji baridi hautofautiani kimsingi na pipa la gongo lililofichwa nyuma ya migomba. Tofauti ni hadhi. Mikataba ya kimataifa ya Brussels mwaka 1890 na Saint-Germain mwaka 1919 ililenga kuzuia pombe kali isiwafikie Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, na serikali huru zikaurithi mtazamo huo kwa namna zao. Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti utengenezaji wa moshi, yaani gongo, mwaka 1966. Uganda, kwa Sheria ya Enguli ya mwaka 1965, iliupa ukenekaji wa kijijini mlango wa leseni, na waragi, pombe ya ukenekaji huo, ikapata jina la kitaifa. Ni kweli kwamba pombe isiyopimwa ni hatari, na methanoli imeua watu wengi katika ukanda huu. Lakini usalama peke yake hauelezi kwa nini ufundi ule ule huwa kivutio cha utalii katika kisiwa kimoja na kielelezo mahakamani katika wilaya nyingine. Kilichoamua ni nani alimiliki mtungi, na nani alikusanya ushuru wake.

Yapo mapingamizi dhidi ya kuusimulia utumwa kiwandani. Mtu aliye likizoni hakwenda St Patrick kuhudhuria msiba, na wafanyakazi wa leo, wanaolipwa mshahara na kujivunia kazi yao, wana haki ya kutogeuzwa vivuli vya watumwa kila kundi la wageni linapoteremka garini. Pingamizi la pili lina uzito zaidi kuliko la kwanza. Hata hivyo linaunga mkono hoja yenyewe: anayestahili kuelezwa mbele ya karai ni yule mwenye kata, alijifunza kwa nani kulisoma povu, na aliyemfundisha alijifunza kwa nani. Ukiufuata mnyororo huo nyuma kwa vizazi vichache, utumwa hutokea wenyewe, ukiwa na watu wenye utaalamu badala ya umati usio na nyuso.

Kumbukumbu za kuanzia zipo. Kuanzia mwaka 1817 wamiliki wa Grenada walilazimika kuwaandikisha watu waliowashikilia, na madaftari hayo yamehifadhiwa London. Yalipofika malipo ya fidia ya pauni milioni 20, ambazo walipewa mabwana na si waliokombolewa, Grenada ilidaiwa kuwa na watumwa zaidi ya 23,000, na madai yakaandikwa shamba kwa shamba. Kutafuta kurasa za shamba moja, kuzinakili na kuzitundika karibu na kinu ni kazi ya wiki chache kwa mtu mmoja mwenye subira. Mgeni angesubiri kitoroli cha makapi kipite, kisha angesoma jina, umri, na mara nyingine kama mtu huyo alizaliwa Afrika au kisiwani.