Kukandika Kabla ya Baridi

Kuna mwaka mmoja, mwezi wa kumi, sikukandika nyumba yangu. Hapa Nyarugusu kila mtu anazijua kazi za mwezi huo. Mvua ziko njiani, na zikianza zitapiga mpaka mwezi wa nne au wa tano. Basi watu wanachota udongo, wanakanyaga tope, wanaziba nyufa, wanazibua mtaro wa nyuma, wanaongeza nyasi pale panapovuja. Mimi nilikaa tu. Kulikuwa na fununu kwamba majina ya waliohojiwa kwenda nchi ya tatu yangetoka karibuni, na sisi tulikuwa tumehojiwa. Nikajiambia: nikandike ya nini nyumba ninayoiacha?

Mwezi wa kumi na mbili, usiku, ukuta wa nyuma ukaanguka. Tofali zetu ni mbichi, hazikuchomwa. Zikinywa maji zinarudi kuwa udongo. Jioni ile mama yangu alikuwa amehamisha godoro lake kwa sababu paa lilimdondokea. Mahali alipokuwa analala kila siku, asubuhi tulipafukua kwa jembe. Na majina hayakutoka.

Baadaye, katika kusomasoma, nikakutana na wakimbizi waliokaa nchi hii kabla yetu, ilipokuwa bado Tanganyika: Wapoland wa Tengeru, karibu na Arusha. Kumbe hata wazungu wamewahi kuletwa Afrika kama wakimbizi! Lakini kilichonishika zaidi ni nyumba walizoishi kabla ya kufika huku, kule kwenye theluji.

Mwezi Septemba 1939 Poland ilivamiwa pande mbili: Ujerumani kutoka magharibi tarehe 1, Umoja wa Kisovieti kutoka mashariki tarehe 17. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti wakaanza kuwahamisha watu wa upande wa mashariki. Usiku askari wanagonga mlango, familia inapewa muda mfupi wa kufunga mizigo, kisha inapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Wa kwanza walipelekwa kwenye misitu ya kaskazini na Siberia kukata magogo. Kundi la Aprili 1940, takribani watu 61,000, lilipelekwa Kazakhstan. Wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee, kwa sababu waume na baba zao walikuwa wameshakamatwa.

Walishushwa kwenye mbuga tupu, isiyo na miti. Wakagawanywa kwenye vijiji vya mashamba ya pamoja, wakakaa vyumba vya kubanana kwa wenyeji, au kwenye vibanda vya udongo. Nyumba za kule zilijengwa kwa tofali la udongo na majani makavu, lililofyatuliwa na kukaushwa juani. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Tofali lile lile! Tofauti ni kwamba sisi tunapigana na maji, wao walipigana na baridi inayoshuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri.

Katika vitabu vyetu miezi yao ya Septemba mpaka Novemba inaitwa vuli. Kwa watu wa pwani vuli ni mvua. Kwao ni majani kupukutika, na mtu kuhesabu siku zilizobaki. Kazi za vuli zilianzia kwenye kuni. Kwa kuwa miti hakuna, walichoma mavi ya ng'ombe. Tangu kiangazi wanawake waliyachanganya na majani makavu, wakayakanyaga kwa miguu mitupu, wakayapiga kuwa matofali, wakayakausha na kuyapanga. Walikuwamo wake za maofisa na walimu, watu ambao nyumbani hawakuwahi kushika kinyesi. Asiyekuwa na rundo lake kabla ya theluji alibaki kukusanya magugu makavu ya mbugani.

Kisha kuta. Udongo, mavi na majani makavu, unasiriba ndani na nje, unaziba kila ufa unaopitisha upepo. Madirisha yanazibwa pembeni kwa matambara na karatasi. Chini ya kuta, nje, wanarundika udongo kuizunguka nyumba yote, kama kibaraza chetu, ili baridi isipenye kwenye msingi. Viazi vinashushwa shimoni. Waliokuwa na nguo nzuri kutoka nyumbani walizibadilisha kwa unga: leo koti, kesho shuka. Kuokota masuke yaliyobaki shambani baada ya mavuno kungeweza kumpeleka mtu jela.

Dhoruba ya theluji ikija, nyumba inafukiwa mpaka darini. Ndiyo maana milango mingi ilifunguka kwa ndani: ukifungua unaukuta ukuta mweupe, unaanza kuchimba njia. Watu walifunga kamba kutoka mlangoni mpaka zizini, maana mtu aliweza kupotea hatua chache kutoka kwake na kuganda.

Wenyeji walizijua kazi hizi. Pia walikuwapo Wapoland na Wajerumani waliohamishwa huko kutoka Ukraine mwaka 1936, ambao nao walikuwa wameshafunzwa na baridi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Juni 1941 Ujerumani iliwashambulia Wasovieti, na tarehe 30 Julai serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ikatiliana nao mkataba. Waliohamishwa wakaambiwa wako huru. Jeshi la Poland likaanza kuundwa. Vuli ya 1941 kila familia ilikuwa na swali lile lile la kwangu: tukandike au tuondoke?

Wengi walipanda treni kwenda kusini, wakifuata jeshi. Baridi iliwakuta kwenye stesheni na vibanda vya Uzbekistan, na homa ya chawa na njaa ikaua wengi. Lakini waliovumilia ndio waliokuwa karibu na njia mwaka 1942, zaidi ya watu laki moja walipovushwa Bahari ya Kaspi kwenda Iran, na kutoka Iran maelfu wakaletwa Afrika Mashariki. Waliobaki Kazakhstan wengi walikwama, kwa sababu Aprili 1943 uhusiano ulivunjika na mlango ukafungwa. Hawakurudi mpaka 1946.

Kwa hiyo historia hii haisemi kaa, wala haisemi ondoka. Ninachokiona ni kidogo zaidi. Wale mama waliokanyaga mavi kiangazi cha 1941 hawakuwa wamekubali kuwa watu wa Kazakhstan. Habari ilipofika, aliyepata njia aliondoka, akaliacha rundo lake. Rundo halikumfunga mtu. Lakini habari isingefika, watoto wake wangekuwa na moto.

Tengeru nako waliendelea vile vile. Walifika watu kama 5,000, wakawekwa kwenye nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi. Wakapanda maua mbele ya milango, wakaanzisha shule, kanisa na karakana. Vita vilipoisha mwaka 1945, sehemu kubwa ya walikotoka ilikuwa imekuwa mali ya Umoja wa Kisovieti, hakukuwa na kwao pa kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wengi walikuwa wameshaondoka, kwenda Uingereza, Kanada, Australia. Makaburi yao yapo mpaka leo. Sijayaona, kutoka kambini kunahitaji kibali.

Ndugu zangu wa mashirika, wakati mwingine mnatuuliza mbona tunajenga kama watu wa kudumu. Na sisi wenyewe tunaulizana: ukisiriba ukuta, jirani anasema huyu ameshakata tamaa ya kwenda. Mimi niliamini hivyo, na karibu nimzike mama. Ukuta hausikilizi fununu. Unasikiliza mvua tu.

Leo ni mwezi wa kumi tena. Mahojiano mengine yamepita, majina bado. Mama ameshachota maji ya kukanyagia udongo na ananiita nje, anasema wingu la upande wa ziwa halimpendezi. Nikimaliza ukuta wa nyuma, kesho ni mtaro.