Moyo juu ya matuta: kutoka utando wa buibui hadi silikoni

Leo tuziweke kando seva na lugha za programu, tuzungumzie moyo. Usikimbie, chipu za kompyuta zitatokea njiani!

Mimi si daktari. Nilisomea kompyuta, na kazi yangu ni kuandika programu. Lakini kuna swali moja la baiolojia ambalo limenikaa akilini: seli ya msuli wa moyo hujuaje ilale upande gani? Maana moyo hausukumi damu kwa sababu tu seli zake zinapiga. Unasukuma kwa sababu seli zimelala sambamba, zimeshikana ncha kwa ncha, na umeme unapita kutoka moja hadi nyingine kwa utaratibu. Zikikaa shaghalabaghala, kila moja inavuta kwake na damu haiendi popote.

Historia ya jibu inaanza mwaka 1907. Mmarekani Ross Harrison alichukua kipande cha neva cha kiinitete cha chura, akakiweka kwenye tone la limfu iliyoganda. Nyuzi za neva zikaota nje ya mwili! Mwaka 1910 Montrose Burrows akaenda Yale kujifunza kwake, akaijaribu mbinu hiyo kwa viinitete vya kuku. Kufikia 1912 alikuwa ameeleza jinsi seli za moyo, zikiwa peke yake chini ya kioo, zinavyoendelea kupiga.

Aliyevuma zaidi lakini ni Alexis Carrel. Mwaka huo huo wa 1912 alianza kukuza seli kutoka moyo wa kuku, na ukoo wake ukatunzwa hadi 1946. Watu wakaamini seli hazifi. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead wakaonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara kadhaa tu, kisha hukoma. Tena zile za Carrel zilizodumu hazikuwa za msuli unaopiga, bali za tishu unganishi.

Wakati dunia inamshangilia Carrel, Harrison alikuwa na swali la chini zaidi, yaani chini ya miguu ya seli. Mwaka 1914 alieleza alichokiona alipozipa seli nyuzi za utando wa buibui: zilizishika nyuzi hizo na kuzifuata kama mtu anayefuata kijia. Baadaye Paul Weiss akaichunguza tabia hiyo kwa undani na kuipa jina la mwongozo wa mguso.

Sasa chipu. Ili kutengeneza chipu, bamba la silikoni hupakwa dawa inayobadilika ikipigwa mwanga, likamulikwa kupitia mchoro, kisha sehemu zisizokingwa zikachimbwa. Mwaka 1986 Donald Brunette, mtafiti wa mambo ya meno huko Vancouver, Kanada, alitumia silikoni iliyochimbwa mifereji kwa ufundi wa aina hiyo. Akaweka seli za tishu unganishi juu yake. Zikajipanga kufuata mifereji! Ufundi uliotuletea prosesa ukawa shamba la kupandia seli, lenye matuta na mifereji kama shamba la viazi.

Zamu ya moyo ikafika. Mwaka 2010 Deok-Ho Kim, Andre Levchenko na wenzao wa Johns Hopkins walitengeneza jeli yenye matuta ambayo upana wake hauzidi sehemu ya elfu moja ya milimita. Seli za moyo wa panya zilizowekwa juu yake zilijinyoosha kufuata matuta, na umeme ukapita kwa kasi zaidi kwa urefu kuliko kwa kukata matuta.

Kwa nini? Seli hujishikilia kwa protini ziitwazo integrini, mithili ya nanga. Kwenye tuta jembamba nanga hupata nafasi kwa urefu kuliko kwa upana. Nanga hizo zimefungwa kwenye kiunzi cha ndani ya seli, nacho kinanyooka. Zile nyuzi zinazokaza msuli hujipanga pamoja nacho. Hakuna homoni iliyoongezwa wala jeni iliyobadilishwa. Agizo ni umbo lenyewe.

Je, kuna haja? Ipo, tena kubwa. Mwaka 2009 kundi la Jonas Frisén, Uswidi, lilikadiria kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 tu ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka, na akifika 75 ni chini ya nusu asilimia. Mshtuko mmoja mkubwa wa moyo unaweza kuua seli kama bilioni moja. Panapokufa pakaota kovu, na kovu halipigi.

Na kumwaga seli mpya hakutoshi. Mwaka 2014 watafiti wa Seattle waliwadunga nyani seli changa bilioni moja kila mmoja. Seli zilishika, lakini mapigo ya moyo yakavurugika. Seli zile zilikuwa bado changa. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, ndiyo maana watafiti wanazikuza seli juu ya matuta kabla hazijakomaa.

Kazi haijaisha, kwa sababu moyo si bamba. Nyuzi zake zimezunguka kama kamba iliyosokotwa. Mwaka 2022 kundi la Kit Parker pale Harvard lilisokota nyuzi ndogo kwa mzunguko huo, likapanda seli juu yake na kupata kielelezo cha chumba cha moyo. Kilichosokotwa kilisukuma vizuri kuliko kile ambacho nyuzi zake zilizunguka duara tu. Seli ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali zilipokanyaga.