Aliachia usukani akapanda juu ya paa: dereva aliyegeuka macho ya Dale Earnhardt Jr.

Mtaje Dale Earnhardt Jr. mbele ya shabiki yeyote wa NASCAR kule Marekani, stori hazitaisha hadi usiku. Lakini kuna jamaa aliyekuwa sikioni mwake kila wikiendi kwa karibu miaka kumi, na wengi wa mashabiki hao wangepishana naye dukani bila kumjua. Hata hapa abaki hivyo hivyo, bila jina. Kazi yake ndivyo ilivyo.

Huyu jamaa alianza kama dereva, na sio wa kubahatisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dale Jr. alikuwa mtu wa kukesha kwenye kompyuta akicheza gemu za mbio mtandaoni, na humo ndimo walimokutana. Urafiki wa gemu ukawa urafiki wa kweli. Kijana akahamia North Carolina, ambako timu nyingi za NASCAR zina karakana zao. Mwaka 2002 JR Motorsports, timu ya Dale Jr. iliyokuwa bado changa kabisa, iliingiza gari kwenye uwanja mdogo wa Concord. Aliyekaa nyuma ya usukani ni yeye.

Sasa cheki ugumu wa ngazi yenyewe. Ligi kuu ina nafasi kama 40 tu kila mbio, na gari bila mdhamini halitoki karakana. Kipaji peke yake hakinunui matairi. Jamaa hakuwahi kuanza hata mbio moja ya ligi kuu, na kabla muongo ule haujaisha alikuwa ameshabadilisha kibarua: akawa spota.

Spota ni mtu anayesimama juu kabisa ya jukwaa la mashabiki, na redio masikioni, akimwambia dereva kinachoendelea kumzunguka. "Yuko ndani." "Yuko nje." "Wako watatu sambamba." "Pita, pako wazi." Ukimwona utingo anavyolirudisha lori nyuma kwenye uchochoro unaweza kudhani ni kazi ile ile, ila hapa lori linakwenda kilomita 300 kwa saa na mengine 39 yamelizunguka.

Unajiuliza, kwani dereva hana vioo? Anavyo, ila shingo haigeuki. Tarehe 18 Februari 2001 baba yake Dale Jr., Dale Earnhardt, alifariki kwenye mzunguko wa mwisho wa Daytona 500 baada ya kugonga ukuta na kuvunjika mfupa wa chini ya fuvu. Katika miezi kama tisa kabla yake madereva wengine watatu wa NASCAR walikuwa wameshafariki kutokana na ajali za viwanjani: Adam Petty, Kenny Irwin Jr. na Tony Roper. Oktoba ya mwaka ule ule vifaa vya kushikilia kichwa na shingo vikawa lazima, na viti navyo vikaanza kukikumbatia kichwa pande zote. Spota walikuwepo kabla ya hapo, lakini kuanzia hapo dereva alikuwa salama zaidi na wakati huo huo nusu kipofu. Yaani ajali iliyomchukua baba ndiyo iliyomfanya mtoto aishi kwa macho ya rafiki yake.

Mwaka 2011 ndio ilikuwa balaa. Timu ziligundua kuwa pale Daytona na Talladega gari mbili zikisukumana bampa kwa bampa zinaiacha mbali gari iliyo peke yake. Anayesukuma haoni kitu mbele zaidi ya mgongo wa gari ya mwenzake, na injini yake inachemka, kwa hiyo lazima wabadilishane nafasi katikati ya mwendo. Tarehe 17 Aprili pale Talladega Dale Jr. alimsukuma Jimmie Johnson mpaka kwenye mstari. Johnson akashinda kwa sekunde 0.002. Dale Jr., aliyefanya kazi ya punda, akamaliza wa nne.

Hapo ndipo ujuzi wa usukani unapolipa. Mtu ambaye hajawahi kuendesha anaweza kukwambia gari iko wapi. Aliyeendesha anajua itakuwa wapi sekunde moja mbele, anajua ni neno gani dereva anahitaji, na anajua wakati wa kunyamaza. Akisema "pako wazi" mapema kidogo tu, kuna chuma kitakunjwa.

Na kuna siku maneno hayasaidii. Oktoba 2012, Talladega tena, mzunguko wa mwisho, gari 25 zikavaana. Dale Jr. alipata mtikisiko wa ubongo, wa pili ndani ya miezi miwili, akakosa mbio mbili. Mwaka 2016 tatizo likarudi na nusu ya pili ya msimu yote ikaenda bila yeye. Kumbuka aliyesimama juu ya paa ni rafiki wa kukesha naye kwenye gemu. Usukani umeshaondoka mikononi mwake, na kitufe cha redio hakipigi breki.

Siku tamu nazo zilikuwepo. Februari 2014 Daytona 500 ilisimamishwa na mvua kwa zaidi ya saa sita. Ilipoendelea usiku, Dale Jr. aliongoza mizunguko 54, mingi kuliko mtu yeyote, akashinda kwa mara ya pili, miaka 10 baada ya ile ya 2004.

Dale Jr. alistaafu mbio za msimu mzima mwaka 2017. Wengi wangetegemea spota naye afungashe virago. Wapi! Msimu uliofuata alikuwa kwa Joey Logano, na Novemba 2018 pale Homestead, zikiwa zimebaki raundi 12, Logano akampita Martin Truex Jr. na kuchukua ubingwa. Kombe ambalo Dale Jr. hakuwahi kulipata katika ligi kuu, spota wake alilipata mwaka mmoja tu baada ya kuachana naye. Mwaka 2022 akahama tena, akaenda kuwa macho ya Brad Keselowski.