Ukumbusho wa Kitaifa wa D-Day

Ukumbusho wa Kitaifa wa D-Day ni eneo la kumbukumbu ya vita katika mji mdogo wa Bedford, jimbo la Virginia, nchini Marekani. Unawakumbuka askari wa nchi za Muungano walioshiriki kutua Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944 wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ulijengwa Bedford na si katika mji mkubwa kwa sababu ya hasara iliyoupata mji huo siku hiyo.

Askari wa Bedford

Kabla ya vita, vijana wengi wa Bedford na vijiji vya jirani walijiunga na kikosi cha akiba cha jimbo lao. Miaka ya 1930 ilikuwa ya shida ya uchumi, na malipo madogo ya mazoezi yalisaidia familia. Kikosi hicho kilikuwa Kombania A ya Rejimenti ya 116, Divisheni ya 29. Tarehe 3 Februari 1941 kiliitwa katika utumishi wa kudumu, na mwaka 1942 kilipelekwa Uingereza kwa mazoezi.

Kwa kuwa vikosi vya akiba viliundwa kwa kufuata maeneo, ndugu, majirani na watu waliosoma pamoja walijikuta katika kombania moja. Utaratibu huo uliwapa umoja, lakini ulimaanisha pia kwamba kombania ikipigwa, mji mzima ungefiwa kwa pamoja.

Siku ya 6 Juni 1944

Asubuhi hiyo Kombania A ilikuwa katika wimbi la kwanza kutua kwenye ufuo uliopewa jina la siri la Omaha, mbele ya kijiji cha Vierville. Mabomu ya ndege yaliyotarajiwa kuvunja ngome za Wajerumani yalikuwa yameangukia mbali na ufuo. Askari walishuka majini wakikabiliwa na bunduki za rashasha, na kwa dakika chache sehemu kubwa ya kombania iliuawa au kujeruhiwa. Kamanda wao, Kapteni Taylor Fellers, aliyetoka Bedford, aliuawa pamoja na askari wa mashua yake.

Mashua mojawapo ilizama kabla ya kufika ufuoni. Askari wengi waliokuwa ndani yake waliokolewa na kurudishwa Uingereza, na hivyo wakaponea kifo siku hiyo. Mmoja wao alikuwa Roy Stevens. Pacha wake, Ray, aliuawa ufuoni.

Askari wapatao 30 wa Bedford walikuwa bado katika Kombania A siku hiyo, na 19 kati yao walikufa. Orodha nyingine hutaja 20, kwa kumhesabu askari wa Bedford aliyekuwa katika kombania nyingine. Wakati huo mji ulikuwa na wakazi takriban 3,200.

Habari kufika nyumbani

Kwa zaidi ya mwezi mmoja familia hazikujua lililotokea. Katikati ya Julai 1944 telegramu za vifo zilianza kufika kwa mfululizo katika ofisi ndogo iliyokuwa ndani ya duka la dawa mjini. Familia ya Hoback ilipata habari za vifo vya wana wawili, Bedford na Raymond. Biblia ya Raymond iliokotwa ufuoni na askari mwingine, ambaye aliituma kwa posta kwa wazazi wake. Mwili wa Raymond haukupatikana.

Ujenzi

Mwaka 1954, miaka kumi baada ya vita hivyo, jiwe la ukumbusho kutoka Vierville liliwekwa mbele ya mahakama ya Bedford. Wazo la ukumbusho mkubwa zaidi lilisukumwa na Bob Slaughter, askari mstaafu wa Rejimenti ya 116 kutoka Roanoke. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliidhinisha ujengwe Bedford, na tarehe 6 Juni 2001 ulizinduliwa na Rais George W. Bush. Taasisi iliyousimamia ilielemewa na madeni ya ujenzi ikaomba ulinzi wa sheria ya ufilisi mwaka 2002, lakini ukumbusho haukufungwa.

Muundo

Katikati kuna tao lenye kimo cha futi 44 na inchi 6, vipimo vinavyokumbusha Juni ya mwaka 1944. Mistari yake myeusi na myeupe inafanana na ile iliyopakwa kwenye ndege za Muungano. Chini yake kuna bwawa lenye sanamu za askari wanaopanda ufuoni, na maji hurushwa juu kama yanayopigwa na risasi. Ukutani kuna vibao vya shaba nyeusi vyenye majina ya zaidi ya askari 4,400 waliokufa siku hiyo. Majina ya vijana wa Bedford yamo pamoja na ya wenzao kutoka mataifa mengine.