Upinde wa Waingereza na Siku ya Mapumziko

Mtu ajizoeze kupiga shabaha mara ngapi, na kwa muda gani? Swali hili ni la zamani kuliko bunduki, na wafalme wa Uingereza walilijibu kwa sheria kwa muda wa karne mbili. Mwaka 1363 Edward III, ambaye wapiga mishale wake walikuwa wamewavunja Wafaransa huko Crécy mwaka 1346, aliwaagiza wakuu wa wilaya watangaze ya kwamba kila mwanamume mwenye afya ajizoeze upinde katika siku kuu. Mpira wa miguu na kupiganisha majogoo vilikatazwa, na mkaidi alitishwa kifungo.

Mwaka 1388 watumishi na vibarua waliamriwa vivyo hivyo, na Jumapili ikatajwa. Amri ikarudiwa mwaka 1410, na Henry VIII akaikaza tena katika karne ya 16. Wako wanaosoma sheria hizi wakaona taifa zima lililoshika upinde. Mimi naziona kuwa ushahidi wa kinyume chake, kwani mfalme hana haja ya kuamuru mara kwa mara jambo ambalo watu walifanya kwa hiari. Mpira uliokatazwa mara nyingi hivyo bila shaka ulichezwa sana.

Walakini wafalme hawakukosea juu ya upinde wenyewe. Merikebu Mary Rose ilizama mwaka 1545, ikaopolewa mwaka 1982, na ndani yake zilionekana pinde nzima zaidi ya 130. Nguvu ya kuzivuta imekadiriwa kuwa kati ya ratili 100 na 185, mzigo ambao mtu mzima asiyezoea hauwezi hata kwa mvuto mmoja. Katika mifupa ya mabaharia, ncha ya mfupa wa bega mara nyingine haikuungana na mfupa wenyewe, na baadhi ya wachunguzi wanaihusisha kasoro hiyo na kuvuta upinde tangu utotoni. Askofu Hugh Latimer, akihubiri mbele ya Edward VI mwaka 1549, alieleza jinsi baba yake alivyomnunulia pinde kwa kadiri ya umri wake, kila mara ulio mgumu zaidi. Sheria ya 1541 nayo ilimtaka baba ampe mtoto wa miaka 7 upinde na mishale miwili, na ikamkataza mtu aliyepita miaka 24 kulenga shabaha iliyo karibu kuliko yadi 220. Basi jibu lilikuwa hili: kidogo, kila juma, umri wote.

Lakini ni nani aliyelipa? Kibarua alifanya kazi siku sita. Ya saba alikwenda kanisani, na saa zilizobaki, zilizokuwa zake peke yake, zikadaiwa na mfalme. Hazina haikutoa kitu, kwa maana mshale uliopigwa huokotwa ukapigwa tena.

Bunduki iligeuza hesabu hiyo. Mwaka 1590 Sir John Smythe aliandika kitabu cha kuutetea upinde, na katika jambo moja alisema kweli: mpiga upinde hodari alikuwa mwepesi kuliko mwenye bunduki. Hakusikilizwa, na mwaka 1595 Baraza la Malkia Elizabeth likaagiza pinde ziondolewe katika vikosi vya wananchi. Mwenye bunduki alifundishika kwa majuma machache, tena bila kuanza utotoni. Ila sasa kila zoezi liliteketeza baruti, na baruti ilinunuliwa kwa fedha za wilaya, ambazo zilinung'unika. Siku za mazoezi zikawa chache. Ili kubana matumizi, wanagenzi walifundishwa kwanza kwa kuwasha baruti kidogo katika kisahani cha bunduki tu, bila risasi, wazoee moshi na mwako karibu na macho yao.