Siha na Silika ya Kiongwe katika Bara ya Mombasa

Katika zama za Sayyid Said bin Sultan, mtu mwenye jaha katika miji ya pwani aghalabu alipanda punda wa Maskati, mnyama mrefu, mweupe, aliyepakwa hina na kutandikwa matandiko ya thamani, aendaye telki bila kumtikisa aliyempanda. Farasi walikuwa wachache, nao walikuwa wa fahari kuliko wa kazi. Mwaka wa 1840, Ahmad bin Naaman alipoifikisha merikebu Sultana katika bandari ya New York, miongoni mwa tunu alizompelekea rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu, waliovuka bahari ile yote na kufika wazima. Lau farasi wa namna hiyo angalivushwa maji ya Makupa mpaka Changamwe, kisha akashikwa hatamu kwa njia ya Rabai na kuingizwa nyika, uhai wake ungalihesabiwa kwa majuma.

Adui zake walikuwa wawili, wote wadogo. Wa kwanza ni mbung'o, ambaye hata leo yupo katika misitu ya Shimba, nyuma ya Likoni, naye humtia mnyama vijidudu vya damu vinavyomkondesha akiwa bado anakula. Wa pili ni usubi, auenezao usiku ugonjwa wa farasi ulio mashuhuri katika Afrika nzima, ambao humjaza mnyama maji mapafuni hata akafa akitoka povu puani. Watu wa kale hawakuvijua visababu hivi, na ujinga wao haukuwa bila madhara kwa wengine. Mreno Francisco Barreto, aliyeondoka Lisbon mwaka wa 1569 kwenda kutafuta dhahabu ya Monomotapa, alipofika Sena katika mto Zambezi aliona farasi wake wakianguka mmoja baada ya mmoja. Na Padre Monclaro, aliyefuatana naye, akashikilia kwamba Waislamu wa mji ule wamewalisha sumu. Wakakamatwa, wakauawa kwa mateso. Farasi wakaendelea kufa. Ilipita miaka mia tatu na zaidi ndipo David Bruce, katika nchi ya Wazulu, miaka ya 1894 na 1895, akaviona vijidudu hivyo katika damu na kuthibitisha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wao.

Basi bara haikuachiwa farasi wala punda wa Maskati, bali iliachiwa kiongwe. Huyu ni punda wa bara, mfupi, wa rangi ya kijivu, mwenye mstari mweusi utandao mgongoni na kukatwa na mwingine mabegani. Waungwana walimdharau, wakamwita mkaidi, wakamtwika shogi. Tusimsifu kupita kiasi, kwani ugonjwa wa usubi haumdhuru sana, lakini mbung'o humwua pia: wavumbuzi Burton na Speke walipotoka pwani kwenda Tanganyika mwaka wa 1857, punda wao walikufa njiani karibu wote. Punda afe, mzigo ufike, walisema wazee, na katika safari zile za bara msemo huo haukuwa mzaha. Hata reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, wanyama wa kuchukua zana walikufa kwa wingi katika ukanda wa mbung'o, na mzigo ukarudi mabegani mwa watu.

Ama ukaidi wake, nadhani amedhulumiwa. Farasi akishtuka hukimbia, akauliza baadaye; kiongwe husimama, akasikiliza, na asiporidhika na mahali pa kukanyaga hatii fimbo. Mnyama wa namna hiyo ndiye afaaye katika njia ya mawe. Wamisionari Krapf na Rebmann, walipokwenda kufungua kituo chao Rabai mwezi wa Agosti 1846, wote wawili wakiwa taabani kwa homa, walikuwa na punda mmoja tu kati yao, wakapokezana kumpanda katika ule mwinuko.

Silika hiyo hiyo ya kunyamaza humponza. Punda haonyeshi maumivu upesi, kwa hivyo mwenyewe hudhani ni mvivu, kumbe mgonjwa. Anayemjua humfunua mdomo kabla ya kumfunga mkokoteni: ufizi wa punda mzima ni wa waridi, na ukiwa mweupe kama chokaa, damu imekwisha, hata kama masikio yamesimama. Kisha hutazama chini ya kamba ya kifuani, kwa kuwa huko Kisauni na Likoni, ambako punda angali anavuta mitungi ya maji, mikanda hukatwa katika mipira ya magari iliyochakaa, nayo hula ngozi pole pole mpaka pakawa donda. Kitambaa kikuukuu kilichokunjwa kingalitosha kulizuia.

Balaa iliyomfika karibuni haikutoka porini. Hakuna mdudu aliyemtisha kama machinjio yaliyofunguliwa Kenya mwaka wa 2016 kwa ajili ya ngozi yake, ambayo huchemshwa kufanywa dawa nchini China. Wezi wa punda wakazuka, wenye mikokoteni wakalalamika, serikali ikayapiga marufuku machinjio mwaka wa 2020, mahakama ikalitangua katazo hilo mwaka uliofuata. Na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara hiyo katika bara zima.