Fundi wa Tovuti Anayejitegemea: Hukumu za Kazi, Malipo na Safari za Makongamano

 

Tumekuwa tukipokea maswali yanayofanana kutoka kwa wazazi na vijana wa Unguja na Pemba. Mzazi anauliza: mwanangu usiku kucha yuko mbele ya kompyuta, anasema yuko kazini, je, hii ni kazi? Baba wa msichana anauliza: kijana aliyekuja kuposa hana mwajiri wala hati ya mshahara, tumwoze? Kijana mwenyewe anauliza: mteja wangu wa nje ananicheleweshea pesa, naweza kumtoza nyongeza? Na dada anauliza: nimealikwa kwenye kongamano la fani yangu nje ya nchi, naruhusiwa kwenda? Yote haya yanahusu jambo moja, nalo ni ufundi wa tovuti kwa kujitegemea. Tumeona tuyakusanye pahala pamoja ili familia ziwe na pa kurejea.

Kazi yenyewe ni ipi

Mfumo wa tovuti ulibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 alipokuwa katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Mwaka 1993 kituo hicho kiliuachia watu wote wautumie bila malipo. Programu nyingi za fani hii nazo ni huru, kama WordPress iliyotolewa mwaka 2003. Ndiyo maana kijana aliyeko Wete au Makunduchi, akiwa na laptopu, umeme na intaneti, anaweza kumjengea tovuti mwenye duka wa Darajani au kampuni ya Ujerumani bila kuondoka nyumbani.

Anayejitegemea hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ufundi: kupanga sura ya tovuti, kuandika maelekezo ya kompyuta, kuilinda na wezi wa mtandaoni, na kuitengeneza inapoharibika. Ya pili ni biashara: kutafuta wateja, kukadiria bei, kuandika makubaliano, kutuma ankara na kufuatilia malipo. Saa za kazi hii ya pili hazina anayezilipa, na mzazi anayemwona mwanawe akiandika barua kwa wateja asidhani anacheza.

Kisheria, hii ni kazi halali kama ushonaji au useremala. Fundi huyu ni yule ambaye mafakihi humwita ajir mushtarak, yaani mwenye kuwafanyia kazi watu wengi, tofauti na ajir khas ambaye muda wake ni wa mwajiri mmoja. Kwa baba wa msichana tunasema: hati ya mshahara si sharti la ndoa. Kinachotazamwa ni dini yake, tabia yake na uwezo wa kutoa mahari na kumtunza mke. Muulizeni ana wateja gani wa kudumu, ana madeni kiasi gani, na ameweka akiba ya miezi mingapi. Kipato cha kazi hii huja kwa mawimbi: mwezi mmoja kingi, miezi miwili hamna. Anayejua kuweka akiba kwa ajili ya miezi mikavu ataitunza nyumba.

Mkataba

Katika Suratul Maida, aya ya 1, Allah ametuamrisha kutimiza mikataba, na katika Suratul Baqara, aya ya 282, ametuelekeza kuandika miamala ya deni. Wengi katika vijana wetu hufanya kazi kwa maneno ya simu tu, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Madhehebu yetu ya Shafi yanataka katika ijara kazi ijulikane na ujira ujulikane. Kusema "nitengenezee tovuti nzuri, tutaelewana" ni mkataba wenye ujinga ndani yake. Ukiharibika, na kazi imeshafanywa, fundi hupewa ujira wa mfano, yaani kile anacholipwa mwingine kwa kazi kama hiyo. Basi iandikwe: kurasa ngapi, nani ataleta maandishi na picha, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, siku ya kumaliza, na nani atalipia matengenezo baada ya hapo.

Iandikwe pia dharura. Watu wa Unguja hawajasahau miezi mitatu ya giza tangu Disemba 2009, ulipoharibika umeme unaotoka bara kupitia waya wa chini ya bahari. Na Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, Tanzania ikaathirika. Mteja wa mbali hayajui haya mpaka aelezwe mapema.

Malipo ya mwanzo nayo yapangwe vizuri. Arbuni ambayo mteja akighairi inapotea bure haijuzu katika madhehebu ya Shafi. Njia iliyo salama ni kuigawa kazi mafungu, kila fungu na bei yake. Malipo ya kwanza yawe ni ya fungu la kwanza, likishakabidhiwa, pesa ni haki ya fundi hata kama mteja hataendelea.

Mteja akichelewesha

Katika nchi nyingi ni desturi fundi kuandika kwenye ankara kwamba malipo yakichelewa yataongezeka asilimia kadhaa kwa mwezi. Vijana wetu huzinakili ankara hizo bila kufikiri. Baada ya kazi kukabidhiwa, ujira ule ni deni, na nyongeza juu ya deni kwa sababu ya muda ni riba. Haibadiliki kwa kuitwa faini.

Ipo tofauti ambayo inafaa ijulikane. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, lilijuzisha sharti la adhabu katika mikataba ya mali isipokuwa pale ambapo wajibu wenyewe ni deni. Kwa hiyo mteja anaweza kumwekea fundi sharti kwamba akichelewa kumaliza bila ya dharura bei itapungua. Lakini fundi hawezi kumwekea mteja sharti la kuongeza pesa akichelewa kulipa.

Fundi atasema: basi mimi sina ulinzi? Anao. Adai malipo kwa mafungu. Asikabidhi fungu la mwisho kabla ya kulipwa lililotangulia. Asimamishe kazi pale mkataba unaporuhusu. Apeleke madai kwa wasuluhishi au mahakamani. Na mteja ajue kwamba tajiri kuchelewesha haki ya mtu ni dhulma kwa maneno ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Wapo miongoni mwetu wenye maduka na hoteli ambao humlipa muuza samaki papo hapo, na kijana aliyewajengea tovuti humzungusha miezi. Huyu naye ana jasho, hata kama amelitoa akiwa amekaa kitini.

Amana

Fundi hushika funguo za mteja: nywila, taarifa za wateja wake, pengine hata hesabu zake. Hizi ni amana, na Suratu Nnisaa, aya ya 58, imetuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Jambo linaloleta malalamiko mengi ni jina la tovuti. Jina husajiliwa na kulipiwa kila mwaka. Baadhi ya mafundi hulisajili kwa jina lao wenyewe, kisha wakigombana na mteja hulizuia. Ikiwa mteja ndiye aliyelipia, jina ni mali yake, na kulizuia ili kumshinikiza ni kula amana. Lisajiliwe kwa jina la mteja tangu siku ya kwanza, na anwani ya kupokea kumbusho la malipo iwe yake. Likipita muda bila kulipiwa, mtu mwingine anaweza kulichukua.

Ikiwa tovuti imeharibika bila fundi kuzembea, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu hadhamini, kwa sababu mkono wake ni mkono wa amana. Akizembea, kwa mfano ameahidi kuweka nakala ya akiba na hakuweka, atadhamini.

Ama kutumia programu za kulipiwa kwa njia ya wizi, Baraza hilo hilo liliamua katika kikao cha Kuwait mwaka 1988 kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zina thamani ya mali na hazifai kudhulumiwa. Na programu huru zipo tele, hakuna udhuru.

Kazi za kukataa

Haijuzu kujenga tovuti ya kamari, ya mikopo ya riba, au ya picha chafu, kwani hapo fundi anasaidia dhambi yenyewe, na Suratul Maida, aya ya 2, imekataza kusaidiana katika hilo. Suala gumu visiwani kwetu ni hoteli za watalii. Tunaona kwamba tovuti ya kukodisha vyumba asili yake ni halali. Fundi asikubali kutengeneza ukurasa wa kutangaza au kuuza ulevi, na aliseme hilo kabla ya kukubaliana bei. Aliyebanwa na shida asiamue peke yake, amwendee mwanachuoni anayemwamini.

Saa za kazi na haki za nyumba

Mteja wa New York akitaka mazungumzo saa nne asubuhi kwake, kwetu ni saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi yao. Saa hiyo ya pili inagongana na Magharibi. Fundi ana haki ya kupendekeza saa nyingine, na aseme tangu mwanzo saa zipi hapatikani. Mke na wazazi nao wana haki: mume aliyeko nyumbani saa ishirini na nne lakini hasikii anapoitwa, hayupo.

Zaka isisahauliwe. Akiba ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikazungukiwa na mwaka wa Hijria, hutolewa asilimia 2.5, iwe imewekwa benki, kwenye simu au kwenye akaunti ya nje.

Makongamano ya fani

Fundi wa peke yake hana mwenzake wa kumrekebisha. Kongamano humkutanisha na wajuzi, humwonesha mabadiliko ya fani, na mara nyingi humpatia wateja katika mazungumzo ya nje ya ukumbi. Kusafiri kutafuta elimu ya dunia yenye manufaa ni jambo jema. Lakini apime gharama. FOSDEM, kongamano la programu huru linalofanyika Brussels kila mwaka mwanzoni mwa mwaka, halina kiingilio. Hata hivyo, Mtanzania atalipa euro 90 za viza tangu Juni 2024, atatakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na ombi lake lifike si chini ya siku 15 kabla ya safari. Bado nauli na malazi. Asikope kwa riba kwa ajili ya hayo. Mihadhara ya FOSDEM hurekodiwa na kutolewa bure, na aliyeitazama kwa makini sebuleni kwake hakupungukiwa na elimu.

Kongamano hilo pia huwa na mkusanyiko wa bia usiku wa kuamkia ufunguzi, na mengi mengineyo huwa na tafrija kama hizo. Hakuna anayelazimishwa kwenda. Kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe ni haramu hata kwa asiyekunywa. Waombe wenzako mkutane kwa chakula cha mchana, biashara itafanyika vilevile.

Sala safarini

Masafa ya kupunguza sala katika madhehebu yetu ni marhala mbili, takriban kilomita 80 na kitu. Kutoka Mjini Unguja hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 74 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo aendaye Dar es Salaam tu atimize sala zake. Aendaye Arusha, Nairobi au Ulaya anaruhusiwa kupunguza na kukusanya.

Akinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ataswali kamili tangu anapofika. Aliyefika Brussels Ijumaa kwa kongamano la Jumamosi na Jumapili, na akaondoka Jumatatu, amekaa siku mbili kamili, basi hupunguza. Akiswali nyuma ya imamu anayetimiza, naye atimize. Mwanzoni mwa Februari huko Adhuhuri huingia karibu na saa saba mchana, na Magharibi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri zote zimo ndani ya saa za mihadhara. Aitazame ratiba mapema na kuwauliza waandaaji chumba cha utulivu. Na anayeondoka kwao siku ya Ijumaa asiondoke baada ya alfajiri ikiwa ataikosa sala ya Ijumaa njiani, ila kwa dharura.

Dada zetu

Kazi ya tovuti inawafaa sana akina dada, kwani hufanywa nyumbani na ujira wake ni mali yao wenyewe. Ama safari isiyo ya wajibu, kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ni kwamba mwanamke asafiri na maharimu wake. Wapo wanavyuoni wa leo walioruhusu asafiri na kundi la wanawake waaminifu pale njia inapokuwa na amani. Sisi tunamshauri dada aende na kaka yake au mumewe, na tunaziomba familia zisimkatalie kwa sababu tu ya kutoijua kazi yake. Baba akikaa naye nusu saa, akaoneshwa alichokijenga, pengine yeye ndiye atakayekata tiketi ya kumsindikiza.

Tunamuomba Allah awabariki vijana wetu katika chumo la halali na awape wateja waaminifu. Wallahu aalam.